NOELI NYUMBANI MWA MKATEKUMENI

Fundisho kwa wakati wa Majilio na Noeli

1. Mungu alichagua jamaa

Mungu Mwenyezi aliweza kuwajia watu kwa njia yoyote aliyoipenda. Aliweza kushuka kwa ngurumo na moshi, kama zamani juu ya mlima Sinai. Aliweza kutokea mtu mzima mwenye nguvu, pasipo kupita katika utoto. Hakufanya hivyo. Mwana wa Mungu, Nafsi ya pili ya Utatu Mtakatifu, alitwaa mwili tumboni mwa Bikira Maria kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Alizaliwa mtoto mchanga, akanyonya, akalia, akabebwa, akafundishwa kutembea na kusema. Yosefu, mume wa Maria, hakuwa baba yake wa damu. Lakini Mungu alimkabidhi mtoto huyo, naye alimlinda na kumlisha kwa kazi ya mikono yake.

Hilo ndilo fumbo linaloadhimishwa siku ya Noeli: Mungu amejifanya mtu, akakaa kati ya watu. Waevanjili hawakuandika siku wala mwezi wa kuzaliwa kwake. Lakini tangu zamani Wakristu walitaka kuwa na siku ya kulifurahia fumbo hilo, na kule Roma sikukuu ilikwisha kuadhimishwa tarehe 25 Desemba katika mwaka 336.

Mkatekumeni afikiri neno moja. Yesu aliishi duniani zaidi ya miaka 30. Katika miaka hiyo, alihubiri na kuponya wagonjwa kwa miaka michache tu. Miaka mingine yote aliipitisha nyumbani Nazareti, akila chakula alichopika Maria, akitii, akijifunza kazi ya seremala. Miaka hiyo haikupotea. Wokovu wa watu ulikuwa umekwisha kuanza mle ndani, karibu na mafiga na mtungi wa maji.

Kwa sababu hiyo, asiyefahamu nyumba hafahamu Noeli. Mtu akienda kanisani usiku wa Noeli, akaimba kwa sauti kuu, kisha akarudi nyumbani kumpiga mke wake au kumnyima mama yake chakula, amekwenda kumtazama Mtoto, lakini hakumpokea.

2. Majilio: kutengeneza nyumba

Kabla ya Noeli, Eklezya huwapa waamini Dominika nne za kujitayarisha. Wakati huo huitwa Majilio, maana yake kuja kwa Bwana. Padri huvaa mavazi ya rangi ya zambarau, na nyimbo za shangwe kuu hupunguzwa, ili watu wakumbuke kwamba wanamngojea mtu.

Watu wa kijijini wanajua sana namna ya kumngojea mgeni wa heshima. Mama hupaka sakafu udongo na kufagia uani. Baba hupanda juu ya nyumba kuziba mahali panapovuja, kwani mwezi wa Desemba ni mwezi wa mvua. Watoto hutumwa kuni na maji. Hakuna anayengoja mgeni afike mlangoni ndipo aanze kutafuta fagio.

Roho nayo ina sakafu yake na paa lake. Mkatekumeni atazame mambo matatu hasa.

La kwanza ni deni. Mtu aliyekopa fedha, au chumvi, au jembe, asinunue kwanza kikwembe kipya cha sikukuu huku mwenye mali akikaa mikono mitupu. Ni vizuri watoto wavae nguo safi siku ya Noeli. Lakini nguo iliyofuliwa vema ya mtu asiye na deni ni ya heshima kuliko nguo mpya ya mtu anayejificha njiani asionwe na aliyemkopesha.

La pili ni pombe. Furaha si dhambi, na kushiriki kinywaji pamoja na wenzake si dhambi. Lakini mwenye kutumia fedha za mwezi mzima kwa kasiksi siku moja, na kesho yake watoto wakalala na njaa, ameifanyia sikukuu hiyo dharau.

La tatu ni uadui. Hili ni zito kuliko yote, na tutalirudia chini. Mwanzoni mwa Majilio, tarehe 1 Desemba, Eklezya ya Kongo humkumbuka Mwenye heri Anuarite Nengapeta, mtawa aliyezaliwa Wamba mwaka 1939. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, kwa sababu alikataa kuvunja ahadi yake ya ubikira; naye alimsamehe aliyemwua. Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye heri kule Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Binti huyo wa Kongo amesimama mlangoni mwa Majilio kama mwalimu, akiwaonyesha waamini kwamba msamaha si neno la wanyonge.

3. Usiku wa Betlehemu

Mtakatifu Luka asimulia kwamba Kaisari Augusto aliamuru watu wote waandikwe, kila mtu katika mji wa ukoo wake. Yosefu alikuwa wa ukoo wa Daudi. Basi ilimpasa kutoka Nazareti na kwenda Betlehemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, pamoja na Maria aliyekuwa karibu kuzaa. Walipofika hawakupata nafasi mahali pa kulala wageni. Hapo Maria alizaa, akamvika Mtoto nguo za kitoto, akamlaza horini, mahali pa kulishia wanyama.

Wanawake wa kijijini waifahamu habari hii kuliko wengine, wakiitazama vema. Katika vijiji, mwanamke akijifungua, hakai peke yake. Mama yake huja, au shangazi, au jirani. Mmoja humchotea maji, mwingine huleta kuni, mwingine humkorogea uji, mwingine hufua nguo. Mzazi hupumzika na kumtazama mtoto wake.

Lakini Maria alikuwa mbali na mji wake. Evanjili haitaji mama, wala shangazi, wala jirani aliyekuja. Yasema kwamba Maria mwenyewe alimvika Mtoto, na Maria mwenyewe alimlaza. Nani alimchotea maji usiku ule? Nani alimwashia moto? Alikuwako Yosefu tu, mtu mwenye haki, katika mji wa wageni. Mama wa Mungu alizaa kama wanavyozaa wanawake walio maskini kupita wote, wale wasio na mtu wa kuwasaidia.

Kisha walikuja wachungaji. Hawakuwa matajiri wala wenye elimu. Walikuwa watu wanaolala nje na kulinda kondoo usiku kwa zamu. Malaika aliwapasha habari, nao walikwenda mbio, wakamkuta Maria na Yosefu na Mtoto. Hivyo jirani wa kwanza wa Jamaa Takatifu walikuwa watu wasiohesabiwa kitu. Wenye nyumba kubwa za Betlehemu walilala usingizi. Hawakujua ni nani aliyezaliwa karibu nao.

Siku 40 zilipopita, Maria na Yosefu walimpeleka Mtoto hekaluni Yerusalemu, wakatoa sadaka ya ndege wawili. Sheria ya Musa iliamuru kutoa mwana-kondoo; ndege walikuwa sadaka ya wale wasioweza kununua mwana-kondoo. Hapo umaskini wao waonekana wazi. Basi mkatekumeni asiye na fedha ya kuchinja mbuzi siku ya Noeli asione haya. Mfalme wa mbingu na dunia alitolewa hekaluni kwa sadaka ya maskini.

4. Pango la udongo

Katika makanisa mengi, na katika nyumba za Wakristu, hutengenezwa pango dogo lenye sanamu za Mtoto Yesu, Maria, Yosefu, wachungaji na wanyama. Desturi hii ilienea hasa kwa mfano wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mwaka 1223, kijijini Greccio katika nchi ya Italia, aliomba waweke hori na majani makavu, na ng'ombe na punda wazima, Misa ikasomwa hapo usiku wa Noeli, ili watu waone kwa macho namna Bwana alivyozaliwa katika umaskini.

Jamaa ya mkatekumeni yaweza kufanya vivyo hivyo pasipo kutumia fedha hata kidogo. Watoto wachukue udongo wa mtoni, wafinyange watu na wanyama. Matete machache yatosha kuezeka. Baba au mama awaeleze kila sanamu ni ya nani. Mtoto aliyefinyanga mchungaji kwa vidole vyake hatasahau habari ya wachungaji. Jioni, kabla ya kulala, wote wakusanyike mbele ya pango hilo. Aliyejifunza sala aongoze, wengine waitikie. Bibi au babu asiye Mkristu asifukuzwe wala kudharauliwa; apewe kiti kizuri, akae kati ya wajukuu wake. Wengi walianza kumpenda Mungu kwa kusikiliza tu sala ya watoto.

5. Mfano: ndugu wawili na mbuzi watatu

Katika kijiji kimoja kando ya ziwa Tanganyika walikaa ndugu wawili wa tumbo moja. Baba yao alikuwa amekwisha kufa. Dada yao alipoolewa, mahari yalikuwa mbuzi sita, na ilipatanwa kwamba kila ndugu atapata watatu. Lakini mkubwa alipokuwa amekwenda kuvua ng'ambo ya pili, mdogo aliwatwaa mbuzi wote sita, akawatumia kwa kuoa yeye mwenyewe.

Tangu siku ile hawakusemezana. Miaka mitatu ilipita. Wake zao walikwenda majini kwa saa mbalimbali, wasikutane. Watoto walikatazwa kula katika nyumba ya pili. Mama yao mzee alikula asubuhi kwa mmoja na jioni kwa mwingine, na kwa kila mmoja alinyamaza.

Mkubwa alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa mwisho, akitumaini kubatizwa siku ya Pasaka. Sala zote alizijua, amri zote alizijua. Katika Majilio, katekista alimwambia, "Maulizo yangu umeyajibu yote. Sasa Mungu anakuuliza habari ya ndugu yako."

Yule mtu alijibu, "Mwalimu, mimi sikumkosea. Ni yeye aliyeniibia. Nikienda kwake na kuketi naye, wazee watasema nimewaacha mbuzi wangu, na shauri litakuwa limekwisha. Je, dini yafundisha kwamba mwizi asirudishe mali?"

Katekista alimjibu, "Dini haifundishi hivyo. Aliyetwaa mali ya mwenzake yampasa kuirudisha. Una haki kuwadai mbuzi wako mbele ya wazee, kwa maneno ya amani. Lakini chuki si mbuzi. Hiyo hakuna mzee atakayekulipa, wala huwezi kuingia nayo katika maji ya ubatizo. Tena fikiri: katika nyumba ile yuko mtoto aliyezaliwa juzi. Yeye amekukopa nini?"

Mkatekumeni alikwenda zake, hana raha. Jioni ya kuamkia Noeli watoto wake walifinyanga pango. Binti yake mdogo aliwafinyanga wachungaji wengi, akawapa majina ya watu wa nyumbani: huyu ni bibi, huyu ni baba, huyu ni mama. Kisha akamshika mmoja na kuuliza, "Na baba mdogo nimweke wapi?" Hakuna aliyejibu. Bibi alitazama motoni. Mtoto alimweka yule mchungaji nje, karibu na mlango, akangoja aambiwe.

Usiku mke alimwambia mume wake kwa upole, "Baba watoto, kesho nitaimba habari ya mtoto wa Maria. Mtoto wa mdogo wako ana majuma mawili, nami sijauona uso wake. Mama yake anajichotea maji mwenyewe." Mume hakusema neno. Mvua ilinyesha mpaka karibu na mapambazuko.

Asubuhi mke alipojaza bidoni ya maji, alimwona mume wake amefunga mzigo wa kuni na kuuweka begani. Katika kijiji kile, mwanamume hachukui kuni kwa mzazi. Ni kazi ya wanawake. Watu waliokwenda Misa walisimama kumtazama. Wawili hao walipita mpaka nyumba ya pili. Mdogo alitoka, akasimama mlangoni, akasema, "Kaka, umefuata mbuzi?"

Mkubwa alijibu, "Mbuzi watasemwa mbele ya wazee, siku yake. Leo nimekuja kumwona mtoto."

Mdogo alikaa kimya kitambo. Kisha alisogea, akawapisha. Mama yao mzee alikuwamo ndani; alipomwona mwanawe mkubwa akiingia na kuni, alijifunika uso kwa kitambaa chake. Walimpa mtoto mikononi, naye alimshika bila kujua aseme nini. Baadaye alikwenda kanisani, akafika Misa imekwisha kuanza.

Mdogo hakwenda kanisani siku ile, wala hawakuzungumza maneno mengi. Lakini jioni watoto wa nyumba zote mbili walikula sahani moja, ugali na sombe na ndagala, na hakuna aliyewafukuza. Baada ya mavuno ya maharage, wazee walikaa barazani. Mdogo alikiri deni, akalipa mbuzi wawili. Wa tatu aliombewa muda, na mkubwa alikubali. Katika mkesha wa Pasaka, mkubwa alibatizwa. Mdogo hajaomba mafundisho mpaka leo. Lakini mlango uliofungwa miaka mitatu umefunguka, na mama yao anakula pande zote mbili akizungumza.

6. Maana ya mfano huo

Kwanza, kusamehe si kusema kwamba baya ni jema. Yule mkatekumeni hakusema kwamba mdogo wake alifanya vema. Haki ya mbuzi ilibaki, ikatengenezwa kwa njia yake. Alichokiacha ni chuki.

Pili, kusamehe si kungoja mpaka mkosaji aanze. Mungu hakungoja watu wapande mbinguni kuomba radhi. Alishuka mwenyewe, akalala horini. Anayetaka kumfuata Yesu yampasa kushika njia ya kwanza. Yesu mwenyewe aliagiza kwamba mtu anayeleta sadaka altareni, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo, aende kupatana kwanza, ndipo arudi.

Tatu, amani hujengwa kwa vitu vidogo: mzigo wa kuni, maji, kumshika mtoto. Katika nchi ya Kongo ya mashariki yako majeraha makubwa kuliko ya mbuzi watatu. Tarehe 1 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alipokuwa Kinshasa, watu walioteswa katika vita vya mashariki walimsimulia mabaya waliyotendewa, nao waliweka chini ya msalaba vitu vya namna ile ile vilivyotumiwa kuwatesa, na panga kati yao, wakatangaza kwamba wanasamehe. Ikiwa watu hao waliweza kwa neema ya Mungu, ndugu wa tumbo moja watashindwaje?

7. Siku zinazofuata

Noeli haiishi jioni ya tarehe 25. Eklezya huziongeza siku, na kila siku ina neno lake kwa jamaa.

Tarehe 26 Desemba ni siku ya Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza, aliyewaombea waliomtupia mawe. Tarehe 28 hukumbukwa Watoto Mashahidi wa Betlehemu, waliouawa kwa amri ya mfalme Herode aliyetaka kumwua Yesu. Yosefu aliamshwa usiku na malaika katika ndoto, akamchukua Mtoto na mama yake, akakimbilia Misri. Hivyo Bwana wetu alikuwa mkimbizi angali mtoto. Jamaa nyingi zinajua maana ya kuamka usiku, kufunga mkeka na chungu, na kutembea gizani huku watoto wakikatazwa kulia. Wanaopita katika mateso hayo wasidhani kwamba Mungu amewaacha. Mwana wake aliipita njia hiyo. Na wenye nyumba wakumbuke: mkimbizi anayeomba nafasi ya kulala amefanana na Yosefu mbele ya milango ya Betlehemu.

Katika Dominika iliyo kati ya Noeli na Mwaka mpya, Eklezya huadhimisha sikukuu ya Jamaa Takatifu. Baba ajifunze kwa Yosefu, ambaye Evanjili haikuandika hata neno moja la kinywa chake, bali kazi zake tu. Mama ajifunze kwa Maria, aliyeyatunza mambo yote moyoni mwake. Watoto wajifunze kwa Yesu, aliyewatii wazazi wake naye ni Mungu.

Tarehe 1 Januari ni sikukuu ya Maria Mama wa Mungu, tena ni siku ya kuombea amani ulimwenguni. Kisha huja Epifania, sikukuu ya wenye hekima waliotoka mbali, mashariki, kumwabudu Mtoto. Hao hawakuwa Wayahudi. Kwao mataifa yote yalianza kumjia Kristu, na watu wa Afrika wamo.

8. Mkatekumeni asihuzunike

Usiku wa Noeli mkatekumeni huwaona wabatizwa wakienda kupokea Komunyo, naye hubaki mahali pake. Labda mke wake aenda, au mtoto wake, naye akaa peke yake benchini. Jambo hilo huwatia wengine haya, na wengine huacha kuja.

Mkatekumeni ajue kwamba kungoja si kufukuzwa. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, alifuata desturi ya Eklezya ya zamani, akaagiza kwamba wanaoomba ubatizo watayarishwe muda wa miaka minne. Aliyefuata agizo hilo alipitisha Noeli nne kabla ya ubatizo. Mapadri hao walipokea kituo cha Mpala, kando ya Tanganyika, mwaka 1885; na katika nchi hiyo alitoka Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza kuwa padri katika nyakati hizi. Mti huo mkubwa ulitoka katika mbegu zilizosubiri udongoni.

Tena Mtaguso wa pili wa Vatikani (1962–1965) ulifundisha kwamba Eklezya huwapenda na kuwatunza wakatekumeni kama walio wake tayari. Mkatekumeni aweza kupewa baraka, na akifa kabla ya ubatizo huzikwa kikristu. Basi wakati wa Komunyo ainamishe kichwa, amwambie Yesu moyoni mwake kwamba anamtamani. Maria naye alimngojea miezi tisa.

MAULIZO

1. Noeli ni sikukuu gani?
Ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Yesu Kristu, Mwana wa Mungu aliyejifanya mtu ili kuwaokoa watu.

2. Kwa nini Mwana wa Mungu alitaka kukaa katika jamaa?
Alitaka kuzitakasa nyumba za watu, na kuwaonyesha namna ya kumpendeza Mungu katika kazi na utii wa kila siku.

3. Nani walikuja kwanza kumtazama Mtoto horini?
Wachungaji, watu maskini waliolala nje.

4. Je, anayesamehe huacha haki yake yote?
Hapana. Aweza kudai haki kwa amani. Lakini yampasa kuiacha chuki na kumtakia mema aliyemkosea.

5. Jamaa Takatifu walikimbilia wapi, na kwa sababu gani?
Walikimbilia Misri, kwa sababu Herode alitaka kumwua Mtoto.

6. Mkatekumeni afanye nini wakati wabatizwa wanapokomunika?
Amtamani Yesu kwa moyo, na kuomba neema ya kudumu mpaka ubatizo.

KUSUDI LA MWEZI

Kabla ya Noeli, kila mkatekumeni achague nyumba moja asiyoingia kwa sababu ya ugomvi, aende huko akichukua kitu kidogo mkononi. Kama katika kijiji yuko mama aliyejifungua na asiye na msaidizi, jamaa yake imchotee maji siku tatu, kwa heshima ya Bikira Maria.

SALA YA JIONI MBELE YA PANGO

Ee Yesu, ulikosa nafasi nyumbani mwa watu. Usikose nafasi nyumbani mwetu. Ulilala juu ya majani makavu. Uwakumbuke wanaolala nje usiku huu. Ee Maria, uliyezaa mbali na mama yako, uwasaidie mama wote wanaozaa katika taabu. Ee Yosefu, uliyetembea usiku na Mtoto mikononi, uwalinde walio njiani kwa sababu ya vita. Utupatanishe sisi na ndugu zetu, na utufikishe kwenye maji ya ubatizo tukiwa na moyo mweupe. Amina.